Salme wa Kwenye Kipaza Sauti

Ni kitu gani hasa kilichomtia Jovita kinyaa alasiri ile: uongo aliousema, au wepesi ambao uongo huo ulimtoka nao kinywani? Alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa uwanja, soda mkononi, na wenzake walikuwa wakiimba kwa furaha ya kuingia fainali. Alijiuliza swali hilo. Alichojua ni kwamba soda ile ilikataa kushuka. Aliizungusha mdomoni kama dawa chungu, akaitema kwenye nyasi, kisha akaifukia kwa vumbi kwa ncha ya raba yake.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga wakati huo. Ofisi nyingi za serikali mjini Babati zilikuwa kwenye nyumba za kupanga, vibao vyake vikinuka rangi mbichi, na wazee wa sokoni walikuwa bado wakisema wanakwenda "mkoani" wakiwa na maana ya Arusha. Katika hali hiyo mashindano ya shule za sekondari hayakuwa mchezo tu. Kwa mara ya kwanza Manyara ingepeleka timu yake yenyewe kwenye mashindano ya taifa, badala ya kugombea nafasi chache katika timu ya Arusha, na ilikuwa imetangazwa kwamba shule itakayochukua kombe la netiboli ndiyo itakayotoa nahodha wa timu ya mkoa. Mkuu wa Sekondari ya Jitihada, Mwalimu Theodori, alilirudia jambo hilo kila asubuhi mstarini, mikono ameifunga nyuma, kwa sauti ya mtu anayegawa neema. Mkoa mpya, alisema, unatafuta shule ya kujivunia.

Jovita alimwamini. Alikuwa kidato cha tatu, nahodha wa timu, mchezaji wa kati ambaye hakujua kuchoka, binti wa wakulima wa mahindi na maharage kutoka Dareda. Aliitamani timu ya mkoa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na hakuitamani kwa ajili ya safari wala sare mpya. Darasani aliona watoto wa wakubwa wakipewa vitabu kwanza. Bwaloni aliona nani anapakuliwa nyama na nani anapakuliwa mchuzi. Uwanjani peke yake, ndivyo alivyokuwa akiwaeleza wasichana wa kidato cha kwanza, ndiko ambako hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Unadaka au unadondosha, basi.

Siku chache kabla ya nusu fainali, mfungaji wao aliteguka goti akiwa mazoezini. Shule nzima ilinyong'onyea. Hapo ndipo Mwalimu Elibariki, mwalimu wa michezo, kijana aliyependa kutembea na filimbi shingoni hata siku za Jumapili, alipomkumbuka Kandida.

Hapakuwa na mtu shuleni ambaye hakumkumbuka Kandida Aminiel, ingawa hakuna aliyemtaja. Mwaka uliotangulia alikuwa ndiye mfungaji, na alikuwa na kipaji kilichowafanya hata wapinzani wasahau kukasirika. Alikuwa akiunyanyua mpira kwa mkono mmoja, akitulia kidogo kama anayesikiliza kitu, halafu mpira unapita kwenye pete bila kugusa chuma. Kisha likaja zoezi la kila muhula la kuwapima wasichana mimba, foleni ndefu nyuma ya pazia la maktaba, na Kandida hakurudi darasani. Asubuhi iliyofuata aliitwa mbele ya mstari, godoro lake limekunjwa kando ya tranka lake, na Mwalimu Theodori akawatangazia wanafunzi kwamba kuanzia siku ile shule ya Jitihada haina mtu mwenye jina hilo. Hakuna aliyeuliza baba wa mtoto ni nani. Jovita alisimama safu ya pili akitazama kisogo cha rafiki yake kikielekea kwenye geti dogo la nyuma, lile la kupitishia kuni, kwa sababu geti la mbele, walielezwa, ni la wanafunzi.

Sasa pikapu ya shule ilitumwa Bonga, kwenye shamba la mama yake Kandida kando ya barabara ya Dodoma, ikamkuta akipalilia mahindi, mwanawe mgongoni. Mwalimu Elibariki alimpa habari kwa maneno mazuri. Alimwambia kwamba shule inamhitaji, na kwamba akicheza vizuri, suala la kurudi kwake masomoni litafikiriwa. Kandida alimkabidhi mama yake mtoto, akanawa miguu, akapanda gari.

Lilibaki tatizo moja, nalo lilimwangukia Jovita. Shule zote ziliogopa mamluki, yaani wachezaji wa kuletwa ambao si wanafunzi, na kwa sababu hiyo ulikuwapo utaratibu wa ukaguzi kabla ya kila mechi. Timu mbili husimama katika mistari inayotazamana. Nahodha hupita mbele ya wenzake mmoja mmoja, humwekea kila mmoja mkono begani, na hutamka kwa sauti jina lake na kidato chake. Mwalimu wa upande wa pili anaruhusiwa kumuuliza mchezaji yeyote swali lolote kuhusu shule yake au wazazi wake. Fomu zinaweza kuchezewa, waandaaji walisema, bali neno la nahodha mbele ya watu ni neno la heshima. Ikithibitika amesema uongo, timu yake inatolewa.

Hivyo Mwalimu Elibariki alimwita Jovita stoo ya vifaa, akamweleza kwamba Kandida atacheza kwa jina la Salme Hatibu wa kidato cha tatu. Salme alikuwa msichana mkimya, mtu wa vitabu, ambaye hajawahi kugusa mpira na ambaye hakuna shule nyingine iliyoijua sura yake. Angebaki bwenini kwa siku mbili akiwa na "homa". Jovita aliuliza kama hilo si kosa lile lile ambalo ukaguzi uliwekwa ili kulizuia. Mwalimu alicheka kwa upole, akamuuliza kama hataki mwenzake arudi shule.

Ndilo swali lililomfunga mdomo. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, na mtu anapolitaka jambo kwa moyo wote huwa hachungulii sana mlango alioonyeshwa. Akakubali hata kumfundisha Kandida kuwa Salme.

Wakaketi nyuma ya bweni. Kandida alikuwa amevaa sketi ya shule iliyombana kiunoni, na alikuwa akiipapasa marinda kila mara kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

"Baba yako anaitwa nani?" Jovita alimuuliza.

"Aminiel."

"Kandida."

"Haya, Hatibu. Ana duka la vitambaa karibu na soko." Kisha akacheka kwa sauti ya chini. "Na mpishi wetu, wakiniuliza? Bado ni yule anayeunguza ugali?"

Mambo ya shule aliyajua yote. Hakuhitaji kufundishwa jina la mwalimu wa Jiografia wala idadi ya madarasa. Kilichomshinda kilikuwa baba wa mtu mwingine tu.

Siku ya nusu fainali uwanja ulifurika. Watu wa mjini walikuja, vijana wa sokoni, wakulima wa Singe waliokuwa wameleta mazao, na juu ya meza ya waandaaji kulikuwa na kipaza sauti kilichokodiwa, spika zake mbili zimefungwa juu ya nguzo zikielekea mjini. Jovita alipita mbele ya wenzake, akiweka mkono bega baada ya bega. Alipomfikia Kandida, alikuwa ametarajia ulimi umwie mzito. Haukuwa mzito hata kidogo. "Salme Hatibu, kidato cha tatu," alisema, na sauti yake ilikuwa safi, tena yenye bashasha. Mwalimu Damasi wa shule pinzani alimuuliza huyo Salme baba yake anafanya kazi gani, akajibiwa ana duka, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kandida alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Kila mpira uliomfikia uliingia. Mtangazaji, ambaye aliipenda sauti yake mwenyewe, alipaza: Salme Hatibu anafunga, Salme Hatibu tena, huyu Salme ametoka wapi jamani. Vijana waliokaa juu ya ukuta nao hawakubaki nyuma. Mmoja alimpigia kelele, "Dada, mambo? Mtoto umemwacha na nani?" na wenzake wakaangua kicheko. Walikuwa wanamtania kwa kiuno chake tu, hawakujua walichokisema. Lakini Kandida alisimama ghafla, kana kwamba amepigwa jiwe, na mpira aliokuwa nao ukaikosa pete.

Wakati wa mapumziko Jovita aliona jezi ya rafiki yake imelowa kifuani, na haikuwa jasho. Mtoto alikuwa hajanyonya tangu asubuhi. Mwalimu Elibariki aliona pia. Alitazama huku na huku, akachukua taulo la kufutia mipira, lililojaa vumbi, akamrushia, akamwambia ajifunge kwa ndani haraka na avae juu yake kile kizibao chenye herufi ya nafasi yake uwanjani, maana watu wana macho. Hakumuuliza kama anaumia. Aliongeza tu kwamba robo inayofuata asikose kama alivyokosa ule mpira wa mwisho. Kandida aligeukia ukutani akajifunga lile taulo, na Jovita akamkinga kwa mgongo wake.

Walishinda. Na kabla filimbi ya mwisho haijatulia masikioni, alitokea mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono, futi ya kupimia kitambaa bado inaning'inia shingoni, nyuma yake mpagazi amebeba kreti la soda. Alikuwa akiuliza kila mtu timu ya Jitihada iko wapi. Hakuna hata mmoja katika wale waliopanga mambo yale aliyekuwa amekumbuka kwamba duka la Mzee Hatibu liko ng'ambo ya barabara tu, na kwamba spika zilikuwa zimeelekezwa huko.

Mwalimu Elibariki alimsukuma Jovita kiwikoni. Nenda wewe, alimnong'oneza, wewe ni msichana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye nahodha wao? Na wewe nimekusikia. Nilikuwa napima kitambaa, nasikia Salme Hatibu, Salme Hatibu. Nikamwambia mteja, mama, nisubiri kidogo, huyo anayetajwa ni wangu. Yuko wapi?"

"Amekwenda kubadilisha nguo, mzee. Amechoka."

"Mwache, mwache apumzike." Mzee alijifuta macho kwa ncha ya ile futi, akacheka kwa aibu. "Mtoto yule nyumbani hata kufukuza kuku hataki. Kumbe alikuwa anatuficha. Kunyweni soda. Kesho nakuja na mama yake."

Akamfungulia Jovita chupa ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo ile iliyokataa kushuka.

Jovita hakuwa mtu wa kusikiliza nyuma ya milango. Jioni ile, kabla jua halijazama, aliamua kwenda kuuliza waziwazi. Aliwakuta walimu kwenye mgahawa ulio nyuma ya uwanja, wa Jitihada na wa shule iliyoshindwa wamekaa meza moja, sahani za samaki wa ziwani mbele yao. Alitegemea kukuta uadui, akakuta kicheko. Mwalimu Damasi, yule aliyeuliza swali la ukaguzi kwa uso mkavu, alikuwa akimwambia Mwalimu Theodori kwamba huyo Salme wao mwakani aje na mumewe kabisa. Mwalimu Theodori naye akamjibu kwamba yeye alikuwa amemwona mchezaji wao wa ulinzi, yule mrefu, mnadani akiuza mitumba, tena kwa bei ya kuruka. Wakagongana mikono. Walijuana. Kila mmoja alikuwa amemjua mamluki wa mwenzake tangu mwanzo, na kila mmoja alikuwa amefumba macho ili naye afumbiwe. Kule kwenye mistari, mikono ikiwa begani, neno la heshima lilikuwa limesemwa na wasichana peke yao.

"Shikamooni, walimu. Samahani, mkuu, nilitaka kujua Kandida ataanza masomo lini."

Mwalimu Theodori alikuwa anavuta mwiba kati ya meno. Aliutoa taratibu, akautazama, akaupanga ukingoni mwa sahani pamoja na mingine. Vidole vyake vilimeta kwa mafuta.

"Masomo gani?"

"Aliahidiwa, mkuu. Kwamba suala lake litafikiriwa."

"Nimelifikiria," alisema, na meza nzima ikacheka. Alisubiri kicheko kitulie, kwa raha ya mtu anayejua ana kingine cha kuongeza. "Yule ni mama wa mtu, Jovita. Kesho mechi ikiisha, Mwalimu Elibariki atamtafutia sukari na sabuni, atamrudisha kwao. Na wewe lifikirie la kwako. Jina la nahodha wa mkoa halijipeleki lenyewe."

Kisha akamsogezea sahani. Kichwa cha samaki kilikuwa kimebaki, jicho jeupe likitazama juu. Akamwambia ale, maana amecheza vizuri, asione haya. Jovita alishukuru, akasema ameshiba. Alitembea hadi bwenini akihisi harufu ile ya mafuta imemshika nguoni, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Asubuhi ya fainali pikapu ilimrudisha Kandida kutoka Bonga, alikokwenda kulala na mwanawe. Jovita alimkuta kwenye karo la kufulia, analifua lile taulo la mipira ingawa hakuna aliyemwomba, na alimweleza kila kitu pale pale, bila kupunguza neno. Aliyasema macho yakiwa kwenye maji ya sabuni, kwa sababu alidhani anaua tumaini la mtu.

Kandida aliendelea kusugua.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Wewe, Jovita, ni mtu wa kuamini sana. Waliosimama mbele ya shule nzima wakasema hakuna mtu mwenye jina langu, nitawaamini leo kwa kuwa wameniletea gari?"

"Basi kwa nini ulikuja?"

"Kufunga." Akalikamua taulo, akalikunjua, akalitazama kana kwamba jibu lote limo humo. "Mwaka mzima nimeshika jembe. Nilitaka kushika mpira. Nikajiambia, waongo wawe waongo, pete ni pete. Lakini jana kila nilipofunga, watu wote wale wakaita Salme. Mara ya tatu niligeuka, nikamtafuta huyo Salme ni nani, na yuko wapi."

Salme mwenyewe alikuwa mlangoni mwa bweni. Alikuwa amevalishwa jezi ya timu, mpya, yenye mikunjo ya dukani, na mkononi alikuwa na kifurushi cha kanga ambacho hakikuwa kimefunguliwa. Baba yake alikuwa amekileta getini jana jioni, cha pongezi. Aliwaeleza kwamba Mwalimu Elibariki ameshampa maagizo: akae nyuma ya benchi wakati wa mechi, kichwa chini, na filimbi ya mwisho ikilia tu ajimwagie maji usoni na shingoni, ili akienda kuwaamkia wazazi wake aonekane ana jasho.

"Maji," alirudia, kama mtu anayesema neno la matusi. "Nimkumbatie mama yangu nikiwa nimelowa maji ya chupa, aseme pole mwanangu umechoka. Jovita, mimi sijawahi kushinda kitu chochote cha mbio. Baba analijua hilo. Ananipenda hivyo hivyo. Sasa jana amelia kwa ajili ya mtu ambaye si mimi."

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye karo. Jovita akawauliza wote wawili, kwa sababu aliona kwamba amekwisha kuyatumia majina yao mara moja bila kuwauliza, na hakutaka kuyatumia tena hivyo hata kwa nia njema: akisema kweli leo pale kwenye mistari, nani ataumia?

"Sisi wote," Kandida alisema. "Wewe zaidi. Mimi nilishatolewa, hawana pa kunitolea tena." Akatafakari. "Ukinifikia, taja jina langu. Nitatoka mwenyewe, asinishike mtu. Ila safari hii nataka nitoke kwa geti la mbele."

Salme alitikisa kichwa kukubali, akakibana kile kifurushi kifuani juu ya jezi.

Mchana watu walikuwa wengi kuliko jana. Chini ya turubai alikaa mgeni rasmi, na Mwalimu Theodori kando yake akimwonyesha kwa kidole huyu na yule. Kwenye viti vya mbele Mzee Hatibu alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na Mama Salme, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, alikuwa akinyoosha shingo kumtafuta binti yake katika mistari. Alimtazama Kandida akampita, akatazama wa pili akampita, akaanza upya. Nyuma ya benchi Salme alikuwa ameinamisha kichwa, chupa ya maji kati ya miguu yake.

Wapinzani wao walianza. Nahodha wao, msichana mwembamba asiyezidi umri wa Jovita, alipita mbele ya wenzake, mkono begani, jina na kidato. Alipofika kwa mchezaji wa pili kutoka mwisho, mwanamke mwenye alama nyeupe ya pete kwenye kidole, sauti yake ilichangamka. Alitamka jina la uongo kwa wepesi ule ule, na bashasha ile ile, na Jovita aliitambua kama anavyoitambua sauti yake mwenyewe. Hapo akapata jibu la swali la jana. Uongo mtu anaweza kuusema kwa hofu, ukamkwaruza, na akabaki na kidonda cha kumkumbusha. Huu haukukwaruza kitu. Walikuwa wamefundishwa, yeye na yule mwembamba, na bila shaka wengine katika kila uwanja wa mkoa mpya, kuwa walimu wale wale wa mgahawani, ila wadogo zaidi. Na walikuwa wanafunzi wepesi. Kinyaa kilichokuwa kikimzunguka tangu jana kwa mara ya kwanza kilitulia mahali pake. Hakikuwa tena kichefuchefu. Kilikuwa kitu kikavu, ambacho mtu anaweza kukisimamia.

Zamu yake ikafika. Aliweka mkono bega la kwanza, akataja jina na kidato. La pili. La tatu. Mtangazaji alikuwa amemsogezea kipaza sauti ili mgeni rasmi asikie, na majina yalikuwa yakiruka juu ya mabati hadi sokoni. Mwalimu Elibariki alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jina, kama anayehesabu mbuzi wakiingia zizini.

Alipomfikia Kandida alimwekea mkono begani akauacha pale. Bega lilikuwa la moto. Kandida alikuwa akitazama mbele, kidevu juu, na kwa mbali, nyuma ya viti, geti kubwa la uwanja lilikuwa wazi.

"Huyu ni Kandida Aminiel," Jovita alisema. "Si mwanafunzi, kwa sababu shule yetu ilimfukuza mwaka jana alipopata mimba, na jana ikamwita ashinde kwa jina la mwingine."

Mtangazaji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, kisha mkono ukabaki hewani. Chini ya turubai Mwalimu Theodori alikuwa ameinuka nusu, hajui akae au asimame. Nyuma ya benchi Salme alisimama, akaiacha chupa ya maji majanini, akaanza kutembea kuelekea kwa wazazi wake, mkavu kabisa. Kandida aliuondoa mkono wa Jovita begani mwake kwa upole, akaubana kidogo, akauachia. Akakivua kizibao cha herufi, akakikunja vizuri, akakiweka chini. Halafu akashika njia ya geti la mbele, hatembei haraka, na watu wakampisha.

Jovita alimsindikiza kwa macho mpaka akavuka barabara. Kisha aliwageukia wenzake wa timu, na walimu, na mgeni rasmi, na Mzee Hatibu ambaye alikuwa amemshika binti yake mkono bila bado kuelewa, akayasema maneno yaliyobaki kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja majina.

"Jana nilimtambulisha kwa uongo. Leo sichezi, na timu ya mkoa nisihesabiwe, mpaka siku nahodha atakapoweza kusimama hapa na kutaja kila mtu kwa jina lake."